Mnatoka Msituni, Mnaona Paa

Huyu mwanamke jina la kuzaliwa analo, lakini hapa mtaani anaitwa Kiguu na Njia, na mwenyewe anaitika. Aliyempa ni Kinyozi. Kinyozi hana dogo. Alisema, mtu gani huyu, ukimtafuta chumbani yuko kazini, ukimtafuta kazini yuko njiani, ukimkuta njiani ana haraka. Jina likashika.

Mimi nilimjua kwa soli. Mimi ni fundi viatu, na viatu vyake vinaliwa mbele, kisigino kinabaki kizima. Mtu wa namna hiyo hatembei, anawahi. Nilimwuliza anawahi wapi. Akasema hajui, ila akisimama miguu inamwuma.

Kazi yake ni kupiga pasi kwa dobi, ng'ambo ya barabara. Kutwa amesimama mbele ya meza, mvuke usoni, mkono wa kushoto umeshika kichupa cha maji chenye kifuniko cha matundu. Hapo pekee ndipo anapotulia, kwa sababu mikono inakwenda. Anaanza na kola, anakuja mabegani, anamaliza mikono, ndipo anashika mwili wa shati. Hajaunguza nguo ya mtu. Anachounguza ni vidole vyake, maana pasi anaipima kwa kidole chenye mate, na mara nyingi anakawia kukitoa. Mawazo yako mbali.

Alilelewa na dada yake mkubwa, katika mji mwingine. Kulelewa kwenyewe kulikuwa kufua, kupika na kubeba watoto wa dada. Akaolewa, akatoka huko. Ndoa haikukaa. Akafanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, kisha akasafisha vyumba vya nyumba ya wageni, kisha akaja kwa dobi. Kila alipolala palikuwa pa mtu. Vyumba alivyohama hata yeye ameacha kuvihesabu. Vitu vyake vyote vinaingia kwenye begi moja, ambalo zipu yake nimeishona mimi. Aliwahi kumwambia mke wangu kwamba tangu azaliwe hajapigilia msumari kwenye ukuta wowote. Nguo anatundika kwenye nondo za dirisha. Alisema ukipigilia msumari, siku ya kuondoka unaacha tundu, na tundu lina mwenyewe.

Mke wangu alicheka sana. Halafu akamwambia avute kiti. Hakuvuta. Aliegemea mlango, na hivyo ndivyo alivyoingia kwenye mchezo.

Mchezo ni huu. Binti yetu aliuleta alipokuja likizo kutoka chuoni. Watu wanakaa mezani. Mmoja anasimulia: mko mahali fulani, mvua inanyesha, kuna mtu amesimama gizani. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, na anasema mtu wake anafanya nini. Akisema naruka ukuta, na ukuta ni mrefu, dadu inarushwa. Dadu ndiyo inayosema ameruka au ameanguka. Hakuna anayeshinda. Jioni mnaacha, Jumamosi nyingine mnaendelea mlipoishia. Binti alituonyesha, akarudi zake chuoni. Nilidhani mchezo umeondoka naye, kumbe mke wangu ameukamata.

Yeye alikuwa mshonaji. Duka letu ni moja, tumeligawa kwa ubao: mbele cherehani yake, nyuma viatu vyangu. Jumamosi mchana, wateja wakipungua, alikuwa anakung'uta vipande vya vitambaa kwenye meza ya kukatia, anaweka dadu ya ludo na vifungo vya makoti, kila mtu na kifungo chake. Kisha anavaa kastabini kidoleni, anachukua nguo ya kupinda, anasimulia huku anashona. Sindano ikisimama, wote wanajua kuna hatari.

Wachezaji walikuwa watatu. Kinyozi alikuwa askari aliyetoroka vita, na tangu siku ya kwanza anadai apewe mbawa. Mwashi, mtu mwaminifu ambaye hata kijiko cha saruji ya mwenzake hachukui, alikuwa mwizi, na aliiba kila kitu mpaka kengele ya soko. Kiguu na Njia alikuwa bawabu. Lango lake liliungua Jumamosi ile ile ya kwanza, jeshi la mfalme lilipochoma mji. Akawa bawabu asiye na mlango, anatembea na wenzake msituni na komeo begani. Mke wangu alimwuliza, komeo la nini sasa? Akasema mlango ukipatikana asianze tena kutafuta komeo.

Mimi sikucheza. Nilikuwa nyuma ya ubao na nyundo yangu. Nilikuwa nasikia.

Walitembea msituni muda mrefu. Njaa, mvua, jeshi nyuma yao. Mke wangu alikuwa ameanza kuugua, na nadhani msitu ulirefuka kwa sababu hiyo. Hakuwa na nguvu za kuwatoa. Jumamosi moja akawatoa. Nilisikia vizuri, maana nyundo nilikuwa nimeiweka chini.

"Mnatoka msituni," akasema. "Mnaona paa."

Kisha akakohoa. Akasema ya leo yanatosha, wiki ijayo nitawapumzisha. Akavua kastabini, akaiweka juu ya meza.

Wiki iliyofuata tulimzika.

Hayo siyaelezi. Duka nililifunga, halafu nikalifungua, kwa sababu nyumbani nilikuwa nahama kiti hadi kiti na hakuna kilichonifaa. Binti alipiga simu, Baba njoo ukae huku karibu nami. Nikamwambia nina viatu vya watu.

Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua, wakaja wote watatu. Hakuna aliyewaita. Walisimama mbele ya meza kama wateja ambao nguo zao hazijawa tayari. Kastabini ilikuwa pale pale alipoiacha. Mwashi ndiye aliyesema. Alisema hakuna wa kumrithi yule, hata tukiambiwa tuchague hatutaweza, basi tugawane. Kila Jumamosi asimulie mmoja, na anayesimulia avae kastabini, ili ijulikane neno liko kwa nani. Wakaniangalia. Nikasema vaeni.

Wakakubaliana kugawana, lakini hakuna aliyethubutu kuanzia pale alipoishia. Yale maneno yake walikuwa wanayapita kando, kama watu wanavyozunguka kitanda cha mgonjwa. Wakasimulia ya pembeni, ya zamani, ya kabla ya msitu.

Kinyozi alianza. Kinyozi akisimulia anatia chumvi hata kwenye chai. Askari wake alipiga jeshi zima peke yake, akapewa cheo, akakikataa, akabembelezwa. Dadu yake ilikuwa inaanguka chini ya meza kila mara. Anainama yeye, anaiona yeye, anaiokota yeye, na kila mara ni sita.

Mwashi alifuata. Kastabini haikuingia kwenye kidole chake, ilikaa nchani kama kofia ya mtoto kichwani kwa baba. Alisimulia jinsi mji ule ulivyojengwa kabla haujachomwa. Alichimba msingi. Akamwaga zege. Akapanda tofali kwa tofali. Kinyozi akauliza, ndugu yangu, hakuna adui anayekuja? Mwashi akasema adui atasubiri, zege halijakauka.

Zamu ikafika kwa Kiguu na Njia. Akasema yeye ni wa kusikiliza. Zamu ikazunguka, ikamrudia, akasema vile vile. Kastabini aliisukuma kwa ncha ya kidole, haraka, kama anavyogusa pasi.

Hapo ilikuwa imeshajulikana kwamba ana shida. Mama mwenye nyumba anakitaka chumba chake, mwanawe anaoa, mwisho wa mwezi kiwe wazi. Na dada mkubwa alikuwa ametuma ujumbe: mimi nimezeeka, wajukuu wamejaa, njoo unisaidie. Sote tulijua msaada huo ni nini. Ni kufua, kupika na kubeba, kaanza nao na atamalizia nao. Alituambia waziwazi, huku anazunguka meza, kwamba mchezo ukiwepo atatafuta chumba kingine hapa hapa, hata kama ni stoo. Mchezo ukifa anakwenda kwa dada.

"Nitabakia kwa lipi?" akasema. "Mashati ya kupiga pasi yako kila mji."

Basi Mwashi, kwa nia njema, akasema tumeshazunguka pembeni vya kutosha. Turudi alipotuacha Mama, maana mke wangu wote walimwita hivyo. Na hapo ndipo pakawaka moto.

Alianza kwa kuuliza tu. Alisema haya, tumefika kwenye nyumba, hilo paa lina hali gani?

"Nyumba gani?" Kinyozi akauliza.

"Tuliyoiona. Mnatoka msituni, mnaona paa."

"Paa, mnyama," Kinyozi akasema. "Mwenye pembe ndogo. Mimi toka siku ile nimeshamchinja moyoni, nimeshamchoma, nimebakisha chumvi tu."

Kumbe muda wote kila mmoja alikuwa ametoka msitu wake. Mwashi akasema lugha haiendi hivyo, angekuwa mnyama Mama angesema mnamwona paa. Kinyozi akamwuliza, wewe ukikuta nyoka bafuni unapiga kelele nimemwona nyoka, au nimeona nyoka? Mwashi akasema yeye akikuta nyoka bafuni hasemi kitu, anatoka. Kinyozi akaona amepata upenyo, akaleta jingine. Akasema kwa kweli huenda hakikuwa hiki wala kile, huenda Mama alikuwa anampa amri. Mnaona? Paa! Yaani ruka, mbawa zako hizo, nimechoka na kelele zako. Mwashi akasema sisi tuko watatu, angesema paeni. Kinyozi akasema aliniambia mimi peke yangu.

Mpaka hapo tulikuwa tunacheka. Mimi pia, nyuma ya ubao, kidogo.

"Ni nyumba," akasema Kiguu na Njia.

Alisema kwa sauti ya chini, amesimama na mgongo mlangoni. Wakageuka. Akasema Mama aliahidi kutupumzisha, na mtu hapumzishwi na mnyama. Kinyozi akasema mwenye njaa anapumzika kwa nyama. Akasema tena, ni nyumba. Kinyozi, ambaye mdomo wake hutangulia na yeye hufuata nyuma, akamwambia wewe unataka iwe nyumba kwa sababu huku unafukuzwa chumba.

Kinyozi mwenyewe aliona neno limetoka vibaya, lakini badala ya kulirudisha akaligandamiza. Akasema kama ni nyumba yeye haji tena. Mwashi akasimama, akasema kama ni mnyama yeye ndiye haji. Kiguu na Njia alikuwa anafungua na kufunga kitasa.

Ndipo wakanigeukia mimi. Mzee, wewe umeishi naye. Alimaanisha nini?

Nikawaambia niachieni nifikiri.

Sikuwa na cha kufikiri. Nilijua. Mke wangu maisha yake yote hakuita paa la nyumba paa. Aliita bati. Tulipoishi chini ya mabati aliita bati, tukipita mbele ya nyumba za vigae alisema tazama lile bati la vigae. Na paa alikuwa mmoja tu kwake. Tulipokuwa bado vijana, lori tulilopanda liliharibika njiani asubuhi, pembeni ya miti, na mnyama mmoja mdogo akatoka akasimama karibu yetu. Mke wangu alinishika mkono wa shati. Yule mnyama alitutazama, hakukimbia, sisi ndio tuliotangulia kuondoka. Alimtaja miaka yote. Akiona kitu kizuri kimetulia, anasema kama yule paa.

Kwa hiyo Kinyozi alikuwa sahihi, na hakustahili.

Katikati ya wiki Kiguu na Njia akaja nyumbani, mchana, mlango wazi. Binti alikuwa ameomba nguo za mama yake zigawiwe, na Kiguu na Njia akasema haziwezi kutoka zimekunjamana, watu watasemaje. Alikuja na pasi yake na kichupa chake. Nilitandika blanketi mezani.

Alianza na kola. Sikumwangalia sana, nilikuwa na kiatu mkononi, sikijui cha nani. Nguo zilikuwa zinatoka pale zimenyooka, anazipanga kitandani, moja juu ya nyingine. Alikuwa anaongea bila kukata. Kwamba begi ameshalifunga. Kwamba gari analijua, linaondoka Jumamosi jioni. Kwamba Jumamosi atakuja kuaga tu. Halafu pasi ikasimama, nikasikia harufu ya kitambaa kinachotaka kuungua, nikainua kichwa. Gauni la kijani. Kwenye pindo palikuwa na pini bado, mke wangu alikuwa hajamaliza kulipinda. Aliichomoa ile pini, hakujua aiweke wapi, akaichomeka kwenye ukosi wa nguo yake mwenyewe. Akanyanyua pasi.

"Baba," akasema, "niambie ukweli. Alimaanisha nini?"

"Hakuniambia," nikasema. Na ni kweli, hakuniambia.

"Basi nani anajua?"

"Mwenye kastabini."

Akasema hawezi. Akasema akisimulia yeye atawapoteza wenzake, hajui kupanga maneno, hajawahi hata kupanga chumba. Nikamwambia hata mke wangu aliwapoteza, msimu mzima wa mvua mko msituni. Akacheka, akafuta macho kwa mkono wenye kichupa, maji yakamwagika kwenye gauni. Akalipiga pasi upya.

Nilitaka kumwambia habari ya bati. Neno lilifika mdomoni. Nikaona lile begi, nikaona wajukuu wa dada. Nikameza.

Jumamosi akaja na begi lake. Akaliweka mlangoni, nusu ndani nusu nje. Kinyozi alifika, akaliona, akalivuka kwa mguu mrefu. Mwashi naye alikuja, licha ya kuapa. Wakakaa. Walikuwa wanasubiri hukumu.

Nikatoka nyuma ya ubao. Sikuwa nimewahi kukaa kwenye meza ile. Nikachukua kastabini, nikaiweka mbele ya Kiguu na Njia.

"Mimi nilichosikia ni paa," nikasema. "Ni lipi au ni yupi, hilo ni la msimulizi. Na leo msimulizi ni huyu."

Kinyozi akaanza, lakini Mzee. Mwashi akamkanyaga.

Kiguu na Njia akazunguka meza. Akaitazama kastabini, akalitazama begi. Akaivaa. Akaivua, akapuliza kidole, akaivaa tena. Akauliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria: akisimulia yeye, bawabu wake ashikwe na nani? Mtu hawezi kusimulia na kujijibu. Kinyozi alikuwa amejijibu Jumamosi nzima, lakini hakuna aliyelitaja hilo.

"Nitamshika mimi," nikasema. Nikavuta kifungo chake kuja upande wangu. Kilikuwa cha koti la mvua, cheusi, kikubwa.

Akaanza kwa sauti ya mtu anayeulizia njia. Alisema mnatoka msituni. Mnaona paa. Tukadhani ameishia hapo. Kisha akasema ni la nyumba. Liko chini, mwizi akisimama analigusa. Upande mmoja limetoboka. Hakuna moshi. Kuta zipo, nne. Fremu ya mlango ipo.

"Mlango hamna," akasema. "Mnafanya nini?"

Hilo swali lilikuwa la mke wangu. Alikuwa analiuliza hivyo hivyo, kila mara, sindano imesimama. Nilishika ukingo wa meza. Hawakuona, walikuwa wanamtazama yeye.

Mwashi akasema mwizi wake anarudi msituni, mpaka kwenye kambi ya jeshi, anaiba mlango. Kinyozi akamwuliza, mlango wa hema? Mwashi akasema wa ghala lao, na wewe utaubeba upande wa pili. Kinyozi akafikiri. Akasema sawa, lakini akifika juu ya nyumba kukagua lile tundu, akubaliwe apae kidogo. Kiguu na Njia akamwambia rusha dadu. Ikatoka moja. Akamwambia umepaa, umeanguka, umeongeza tundu. Kinyozi alilalamika mpaka akasahau kwamba yeye alikuwa wa mnyama.

Ilikwenda hivyo mchana wote. Alisimulia akitembea, mkono wenye kastabini ukipiga piga kila kitu alichopita: cherehani, mlango, ubao wangu. Hakupanga maneno. Mara nyingine alirudi nyuma, akasema hapana, futeni hiyo, mvua ilikuwa imekatika. Mlango ulikuja. Wakausimamisha kwenye fremu. Wote wakanitazama.

"Bawabu anafanya nini?" akaniuliza.

Nikasema anatia komeo.

"Halafu?"

"Halafu anakaa."

Akasimama pale alipokuwa. Akasema basi, ya leo yanatosha. Alipotoka alichukua begi lake, nikamtazama anavuka barabara. Stendi iko kushoto, chumba chake kiko kulia. Alisimama katikati kidogo, mpaka mtu wa baiskeli akamsonya. Akaenda kulia.

Jumatatu nilimwona ng'ambo, kwenye mvuke. Baada ya siku kadhaa akaja kuniomba msumari. Nikampa wa kiatu, akaurudisha. Akasema wa ukutani. Nikamtafutia mrefu. Mwisho wa mwezi chumba kikachukuliwa kama walivyosema, akahamia kingine, nyuma ya ghala la mbao, na msumari aliuchomoa akahama nao. Nasikia huko nako kuna maneno. Viatu vyake bado vinaliwa mbele. Sikusema ametulia. Kwenye mchezo anakaa, lakini kwa upande, kama mtu aliyeshikiwa nafasi kwenye foleni.

Kuandika nilifundishwa na mke wangu, kwa chaki yake, juu ya kitambaa cheusi, anifute nikikosea. Kusimulia hakunifundisha. Lakini tuligawana, na mgawo ni mgawo, zamu ikafika kwangu. Kastabini iligoma kwenye kucha. Nikaiacha hapo hapo.

Sikuwa na maneno mengi. Nilisema ni asubuhi. Mlango umefungwa. Nje kuna kitu kinakwaruza majani. Bawabu anachungulia kwenye ufa.

"Kitu gani?" Kiguu na Njia akauliza. Kifungo chake alikuwa amekirudisha mkononi.

"Paa."

Kinyozi akapiga meza kwa kiganja. Mwashi akashika kichwa, akasema tumeanza tena, lile au yule?

"Yule," nikasema. "Si lile. Lile mko chini yake."

Wakacheka, Kinyozi akidai kisu, akidai chumvi, akidai aombwe radhi mbele ya watu. Kiguu na Njia hakucheka. Alinitazama sana. Akatazama cherehani, akanitazama tena.

"Kumbe Baba ulijua," akasema.

Nikamwuliza bawabu anafanya nini.

Akamwambia Kinyozi anyamaze, atamtisha. Akasema bawabu anatoa komeo. Polepole. Hatoki, anafungua tu, anasimama hapo. Anataka aone kama paa atakimbia.

"Rusha dadu," nikamwambia.

Akairusha kwa nguvu. Ikagonga mkasi, ikaruka mezani, ikabingirika chini ya ubao, kule kwenye viatu vyangu. Tukainuka wote wanne, tukapiga magoti kati ya soli na vumbi la ngozi, watu wazima na akili zetu. Yeye ndiye aliyeiona. Aliokota haraka, Kinyozi hajafika.

"Sita," akasema.

Kinyozi akasema hebu tuone. Kiguu na Njia alikuwa ameshafumba mkono.

"Hakukimbia," akaniambia.